Sindano ya kiungo: altrasaundi inahitajika lini?



Wazee wetu wengi, na sisi tunaowafuata, huishia kuambiwa na daktari: "Hapa tuchome sindano." Wengine huambiwa pia kuwa ipo ya kuongozwa na altrasaundi, na pengine ulipe zaidi. Jee, ni lazima? Inategemea kiungo chenyewe.

Altrasaundi ni mawimbi ya sauti ambayo sikio letu haliyasikii. Kifaa cha mkononi hupakwa jeli na kuwekwa juu ya ngozi, mawimbi yakaingia mwilini na kurudi kama mwangwi. Kwenye skrini mfupa huonekana kama mstari mweupe, maji ya kiungo huwa meusi, na sindano ikilazwa sambamba na kifaa huonekana kama uzi mweupe. Daktari anaiona ncha inakokwenda. Hakuna mionzi kama ya eksirei.

Faida yake khasa iko kwenye nyonga. Kiungo hicho kimezama ndani, na mbele yake umepita mshipa mkubwa wa damu na mshipa wa fahamu wa paja. Hapo si pahala pa kubahatisha. Goti ni jambo jengine: liko karibu na ngozi, na daktari mzoefu mara nyingi hulipata kwa kupapasa tu, khasa likiwa limejaa maji.

Bega linatufunza zaidi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021 yalikuta kuwa kuongozwa na picha huenda kusimpe mgonjwa nafuu ya maana kuliko sindano ya kawaida. Yaani kupata shabaha ni kitu kimoja, na kupona ni chengine.

Tena tusisahau dawa iliyomo, mara nyingi steroidi. Utafiti wa Marekani wa 2017 uliwafuata wagonjwa 140 wenye magoti yaliyolika, wakichomwa kila wiki 12 kwa miaka miwili. Waliopewa steroidi walipoteza gegedu zaidi kuliko waliopewa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Altrasaundi haiondoi hilo.

Mwenye kisukari ajue sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa baada ya sindano, basi apime. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Na kiungo kikiwa chekundu na cha moto, kwanza ihakikishwe hakuna maambukizi.

Kwa hiyo mzee akiambiwa nyonga, ulizeni: altrasaundi ipo? Akiambiwa goti, ulizeni kwanza: sindano yenyewe inahitajika?