Zidaka za Lamu na kigoda cha Nyaramba

Ukitaja nyumba ya ukoo mkubwa iliyojaa kazi za sanaa, wengi wetu huwazia majumba ya Ulaya yenye picha za mafuta ukutani. Mimi ni mzaliwa wa Nyaramba, Nyamira, na nimeishi Pwani miaka mingi. Mfano ninaoujua uko hapa hapa, katika nyumba za waungwana wa Lamu.

Nyumba hizo za mawe, nyingi za karne ya 18, zina mpango wake. Ukipita daka na kiwanda unafika msana, kisha ndani, chumba cha wanawake wa nyumba. Humo ndimo zilimo zidaka: vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa, safu juu ya safu. Ndani yake zilipangwa sahani na mabakuli ya kaure yaliyovuka bahari kutoka China. Hayakuwa mapambo matupu. Yalimwambia mgeni kwamba ukoo huu unafanya biashara na ng'ambo na neno lake linaaminika. Wengine waliamini pia kwamba yanakinga husuda, bakuli lipasuke badala ya mtu kudhurika. Kaure ya aina hiyo imepachikwa hata kwenye kaburi la nguzo kule Mambrui.

Palikuwa na kiti cha enzi, cha mpingo uliotiwa pembe za ndovu, mgongo wake wa kamba zilizosukwa na mbele pa kuwekea miguu. Hicho hakikaliwi na kila anayebisha hodi. Na juu ya yote siwa, baragumu linalopulizwa ubavuni. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu na urefu wake unapita mita 2. Ya Lamu ni ya shaba. Zilipigwa kwenye sherehe kubwa za watawala na harusi za waungwana, na leo ziko chini ya Makumbusho ya Taifa. Kwangu hizo mbili zinashinda picha yoyote ya mafuta.

Kwetu Nyaramba hatukuwa na sultani. Mamlaka yalikuwa kwa wazee wa koo. Lakini kigoda cha mzee, kilichochongwa kwa gogo moja na kupachikwa shanga, kilifanya kazi ya kiti cha enzi bila pembe za ndovu. Kwa jamaa yangu mmoja kimebaki kimoja. Mnunuzi wa vitu vya kale alimfikia, akataja bei isiyonunua hata ndama.

Jamaa aliniuliza kama inaruhusiwa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inavihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na milango iliyochongwa kabla ya 1946 ina ulinzi wake. Kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Kwa hiyo swali la kwanza si bei, ni umri. Nimemwomba akipige picha na kuandika majina ya waliokikalia, kwa mpangilio, angali shangazi yupo wa kuyataja. Kiti kisicho na majina hayo, hata kikifika kwenye kabati la kioo, huandikwa jina la kabila tu.

Ameshapata majina manne. Mnunuzi amesema atarudi Desemba.