Mtoto Akiumwa Tumbo Upande wa Kulia, Usimpe Haluli

Mtoto akilia tumbo, huku milimani Uluguru husemwa, "Ana mchango," au "Amekula fenesi bichi." Kisha hupewa mafuta ya nyonyo au chumvi ya haluli ili aharishe. Mara nyingi tumbo hutulia. Lakini kama ugonjwa ni kidole tumbo, dawa hiyo yaweza kumwua.

Kidole tumbo ni kifuko chembamba kama kidole, kilichoshikana na utumbo mpana, chini ya tumbo upande wa kulia. Kila mtu huzaliwa nacho. Kikiziba huvimba na kufanya usaha. Kikipasuka, usaha humwagika tumboni. Huweza kupasuka katika siku moja au mbili. Kwa watoto wadogo, upesi zaidi.

Dalili zake:

1. Maumivu huanza kitovuni, na baada ya saa kadhaa huhamia chini, upande wa kulia.
2. Mtoto hakatai ugali tu, hukataa hata anachokipenda. Hutapika. Homa huwa ndogo mwanzoni.
3. Hutembea ameinama, au hulala ametulia, amekunja magoti.
4. Akikohoa au kuruka, maumivu huzidi.

Mtoto wa chini ya miaka 5 hawezi kueleza. Akilia, akatapika, na tumbo lake likavimba, mpeleke zahanati.

Maumivu yakitulia ghafla, usifurahi upesi. Tumbo likiwa gumu na homa ikapanda, huenda kidole tumbo kimepasuka.

Ufanye nini? Usimpe chakula wala dawa ya kuharisha. Usimkande tumbo wala kumpiga bomba. Safari ikiwa ndefu, mpe maji kidogo kidogo ya kulowesha kinywa. Mpeleke zahanati mara moja. Msingoje baba atoke shambani wala mjomba atoe ruhusa. Mganga atampima, atamwanzishia dawa na kumwandikia barua ya kwenda hospitali.

Kutoka Bunduki au Kolero hadi Morogoro mjini ni mbali, na wakati wa masika njia huteleza. Kwa hiyo ondokeni kungali mchana. Pasipopita gari, tengenezeni machela kwa mianzi miwili na blanketi. Mwinueni mgongo kidogo na kumkunja magoti.

Tiba ya kawaida ni kukikata kidole tumbo kwa upasuaji. Mtoto huishi vizuri bila hicho. Mwaka 1902, Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza aliahirisha kutawazwa kwake ili apasuliwe kwa ugonjwa huu. Ikiwa sherehe ya mfalme ilingoja, palizi nayo ingoje.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini haluli ni hatari kwa mgonjwa huyu?
2. Je, kijiji chetu kina machela? Inawekwa wapi?
3. Usiku, nani ataitwa kuibeba?