Silinda Tisa Mezani

Ndege ndogo zinazotua katika kiwanja cha Suneka, nje ya mji wa Kisii, huja na injini zilizofunikwa kwa bati. Mtu anayezitazama huona panga likizunguka na kusikia mngurumo, lakini kazi yenyewe haioni. Modeli kubwa ya plastiki huiweka kazi hiyo wazi. Kampuni ya Williams Brothers ya Marekani iliwahi kutengeneza modeli ya injini ya Wright J-5 kwa kipimo cha 1:8. Hiyo ndiyo injini iliyomvusha Charles Lindbergh bahari ya Atlantiki mwaka 1927, kwa saa 33 na nusu bila kutua. Injini halisi ina kipenyo cha zaidi ya mita moja. Modeli yake ni kama sentimita 14.

Anayeiunganisha hukutana kwanza na swali la hesabu: kwa nini silinda zilizopangwa kwa duara ni tisa, si nane? Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huwaka mara moja kranki inapozunguka mara mbili. Silinda zikiwa tisa, moto huruka moja na kuwasha inayofuata: 1, 3, 5, 7, 9, kisha 2, 4, 6, 8, na nafasi kati ya mlipuko na mlipuko hubaki sawa daima. Zingekuwa nane katika duara moja, mpangilio huo ungevunjika. Pistoni zote tisa hushikwa na kranki moja kupitia konrodi moja kuu, na konrodi nyingine nane hupachikwa juu yake. Ni ubunifu wa kupendeza, na ukiushika mkononi ndipo unaelewa.

Kenya iliziona injini za aina hii mapema. Martin na Osa Johnson, wapiga filamu wa Kimarekani, waliruka huku mwaka 1933 na 1934 kwa ndege mbili za Sikorsky, moja imepakwa mistari ya pundamilia na nyingine madoa ya twiga. Zote zilitumia injini za Pratt & Whitney za silinda tisa, zilizopozwa kwa hewa. Katika nyanda zinazokaribia mita 2,000, kama zile za Nyamira, hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ufukweni, hivyo injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa zaidi hupungukiwa nguvu.

Katika injini zinazopozwa kwa hewa, mapezi membamba kwenye silinda ndiyo yanayotoa joto, na kwenye modeli ndiyo yanayomtesa mpaka rangi. Kipimo cha 1:8 hupunguza eneo la uso mara 64 na ujazo mara 512. Chembe za rangi ya fedha hazipungui hata kidogo, kwa hiyo rangi ya kawaida ya geti huonekana kama changarawe juu ya modeli. Hutakiwa rangi yenye chembe laini sana, ikipulizwa juu ya nyeusi inayong'aa. Gundi nayo haigandishi tu: huyeyusha plastiki pande zote mbili, minyororo ya molekuli husokotana, kisha kimiminika hupaa na sehemu hizo kuwa kitu kimoja. Mshono husuguliwa kwa msasa na maji, kama wachongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka, Kisii, wanavyolainisha jiwe lao.

Sehemu inayostahili subira kuliko zote ni ekzosi. Chuma kikipata moto, ngozi nyembamba ya oksidi huota juu yake, na unene wake huamua rangi ya mwanga unaorudi: manjano karibu na nyuzi 230 za selsiasi, zambarau kwenye 280, buluu karibu na 300. Basi mpaka rangi huanza na buluu karibu na silinda, penye joto kali, na kuimalizia kwa manjano kuelekea mdomo wa bomba, kila tabaka likiwa jembamba kiasi cha kuacha chuma kionekane chini yake.