Nyama ya Kuoka Ndani ya Mkate

Watu wengi wakitajiwa mkate uliotiwa nyama ya ng'ombe ya kuoka hudhani kwamba hicho ni chakula cha mahoteli makubwa, wala hakiwahusu wao. Twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu, na hasa mama wa nyumba wa Handeni na Korogwe, kwamba dhana hiyo si sahihi. Ng'ombe wamo katika minada yetu, mkate umo madukani, mkaa umo jikoni. Kinachokosekana aghlabu si fedha wala tanuri, bali ni subira na kisu kikali.

Hata jina la chakula hiki lisitutishe. Wengi hukiita sandwichi, na asili ya neno hilo ni mji wa Sandwich ulioko Uingereza. Bwana mmoja mkubwa wa nchi ile, John Montagu, alikuwa na cheo kilichoitwa kwa jina la mji huo, na watu wakakiita chakula kwa jina lake. Mwanahistoria Edward Gibbon aliliandika neno hilo katika daftari yake ya kila siku mwaka 1762. Walakini kukutanisha nyama na mkate ni jambo la kale kuliko jina hilo. Sisi Waislamu twajua habari za tharidi, mkate uliomegwa ukarowekwa katika mchuzi wa nyama, ambayo Mtume wetu (S.A.W.) aliisifu kuwa bora kuliko vyakula vingine. Na hapa pwani, ni nani asiyewahi kufungua mkate akatia mishkaki ndani yake?

UGUMU WA NYAMA YETU

Ng'ombe wa nchi yetu ni wa nundu na pembe fupi. Ni mnyama mvumilivu. Hustahimili jua, kiu na majani makavu ya kiangazi cha Handeni. Lakini hutembea sana, hula majani matupu, na mara nyingi huuzwa akiwa amekwisha kuzeeka. Kwa hiyo nyama yake ina ladha nzuri sana, lakini ni ngumu. Asiyejua kuitendea huila kwa taabu.

Ipo na sababu ya pili, nayo iko katika desturi yetu ya kununua. Ng'ombe huchinjwa alfajiri, nyama hununuliwa asubuhi, na ikifika adhuhuri imekwisha kuwa chunguni. Wenye elimu ya nyama wametufahamisha kwamba mnyama akisha kufa, nyama yake hukakamaa kwa muda wa saa nyingi, kisha ndipo huanza kulegea yenyewe. Basi sisi aghlabu huipika katika saa zile zile za kukakamaa kwake. Mwenye jokofu na aihifadhi humo siku mbili au tatu, imefunikwa vizuri, kabla ya kuioka. Atastaajabu kuona tofauti yake.

Sababu ya tatu yatangulia zote mbili. Mnyama aliyeswagwa njia ndefu, kisha akachinjwa hali amechoka na kuhangaika, nyama yake huwa nyeusi na kavu, tena huharibika upesi. Dini yetu imetuamrisha kuchinja kwa wema: kisu kinolewe na mnyama astareheshwe. Amri hiyo ni rehema kwa mnyama, na faida yake humfikia hata mlaji mezani.

KUCHAGUA

Mwambie mwenye bucha akupe sarara, ile nyama ya mgongoni isiyo na mfupa, ambayo wengine huiita salala. Usikubali kukatiwa vipande. Taka pande moja zima la kilo 2. Sarara ikikosekana, paja la ndani lafaa. Tazama mafuta yake: yakiwa yamezunguka upande mmoja wa pande lile, usiyaondoe, kwa kuwa yatayeyuka na kuilainisha nyama wakati wa kuoka. Angalia pia mhuri wa mkaguzi wa mifugo, kwani mhuri ule si pambo.

Kidari na muundi havifai kuokwa kwa moto mkavu. Nyama hizo zina mishipa mingi ambayo hulainika kwa maji na kwa saa nyingi tu. Asiye na jokofu, na ambaye amenunua nyama ya siku ile ile, afadhali achukue kidari, akitokose kwa moto mdogo ndani ya chungu kilichofunikwa muda wa saa tatu au zaidi, kisha akiache kipoe kidogo na kukikata. Hicho nacho kitafaa sana ndani ya mkate.

Wako watu watiao papai bichi ili kuilainisha nyama. Desturi hii ni nzuri, maana utomvu wa papai huvunja ugumu wa nyama kweli. Lakini fahamu kwamba hufanya kazi kwa juu tu, hauingii ndani ya pande kubwa. Na ukiachwa usiku kucha huifanya nyama ya juu iwe kama uji. Saa moja yatosha.

KUOKA BILA TANURI

Mama zetu walikwisha kutufundisha kuoka zamani, walipopika mkate wa kumimina kwa moto wa juu na wa chini. Njia ile ile hutumika hapa.

Twanga thumu na tangawizi, changanya na pilipili manga, bizari nyembamba kidogo, chumvi na ndimu moja. Ipake nyama pande zote, uiache saa moja. Ifunge kwa uzi mnene wa pamba ili ikae umbo moja na kuiva sawasawa. Kisha chukua sufuria nzito, tia mafuta kidogo, yachemshe sana, na uigeuze nyama humo mpaka iwe na rangi ya kahawia kila upande. Usiharakishe kazi hii. Ladha yote ya nyama ya kuoka hutoka katika rangi hiyo.

Baada ya hapo tia nusu kikombe cha maji, funika, punguza mkaa wa chini, na palia mkaa juu ya mfuniko. Mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Pande la kilo 2 huchukua kadiri ya saa moja na nusu hata mbili. Mwenye kipima joto akichomeke katikati. Kikionyesha nyuzi 70, nyama imeiva na ni salama. Asiye nacho achome kwa sindano nene: maji yatokayo yakiwa meupe, aitoe motoni.

Hapa hapana budi tuondoe shaka moja. Wako Waislamu waonao wekundu ndani ya nyama ya kuoka wakasema, "Hii ni damu, ni haramu." Damu iliyoharimishwa, kama ilivyo katika Sura ya Al-An'am, aya ya 145, ni ile imwagikayo, nayo hutoka wakati wa kuchinja. Umajimaji mwekundu ubakiao ndani ya nyama ni maji yenye rangi ya nyama yenyewe. Basi wekundu si sababu ya kuharimisha. Hata hivyo twashauri nyama iive kabisa, si kwa ajili ya uharamu bali kwa ajili ya afya, kwa kuwa nyama ya ng'ombe isiyoiva yaweza kumtia mtu mnyoo wa tegu.

KUKATA, NA HAKI YA WAZEE

Nyama ikitoka motoni usiikate. Iache dakika 20 imefunikwa, ili maji yake yarudi ndani. Ukiikata mara moja, maji yote yatamwagika kwenye ubao na utabaki na nyama kavu. Kisha tazama nyuzi za nyama zaelekea wapi, ukate kwa kuzikingama, wala usikate kwa kuzifuata. Kila kipande kiwe chembamba kadiri uwezavyo. Nyuzi zikiwa fupi, meno hayana kazi ya kuzivunja. Kisu kimekwisha kuifanya kazi hiyo.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Katika nyumba zetu nyingi, siku ya nyama huwa siku ya furaha kwa vijana na siku ya huzuni kwa wazee. Vijana hugawana minofu, babu au bibi, ambaye meno yamemwacha, hutiliwa mchuzi katika bakuli na kuambiwa, "Bibi, wewe kunywa mchuzi, nyama hii hutaiweza." Naye hujibu, "Ahsante, mwanangu," akanyamaza. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Lakini yeye ndiye aliyewalea wote waliokaa pale, na sasa harufu ya nyama yampita puani tu.

Nyama ile ile, ya ng'ombe yule yule wa Handeni, ikiokwa polepole, ikapumzishwa, ikakatwa nyembamba kama jani, ikalowanishwa kwa maji yaliyobaki katika sufuria na kutiwa ndani ya mkate laini, mzee huila. Hana haja ya kutengewa chakula chake peke yake. Je, kuna gharama gani katika kunoa kisu? Kuwatendea wema wazazi si kwa maneno matamu peke yake. Wakati mwingine ni kwa unene wa kipande cha nyama.

Tena kuna faida katika hesabu. Kilo 2 za nyama mbichi, zikiisha kuokwa, hubaki kiasi cha kilo 1 na gramu 400. Ukitia gramu 80 katika kila mkate, utapata mikate 17, na kila mmoja una nyama ya kutosha. Nyama hiyo ikikatwa minofu mikubwa, watu wanane tu huimaliza, na wa mwisho hunung'unika.

MKATE WENYEWE

Mkate wa boflo wa jana ni bora kuliko wa leo, kwa sababu haupondeki unapokatwa wala haulowi upesi. Pasha upande wa ndani juu ya jiko mpaka ubadilike rangi kidogo. Paka siagi au samli. Mafuta hayo huzuia maji ya nyama yasiingie na kuuvuruga mkate. Panga nyama iliyokunjwakunjwa, usiibandike kama karatasi iliyogandishwa, maana ikikunjwa huwa laini zaidi mdomoni. Juu yake tia kachumbari ya vitunguu na nyanya iliyokamuliwa maji, na achari ya embe au ya ndimu kidogo. Apendaye haradali na apake. Usitie kila kitu ulicho nacho. Nyama ndiyo mwenye nyumba, vingine vyote ni wageni.

SAFARINI

Korogwe ni mji wa wasafiri tangu zamani. Reli iliyoanzwa kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika hapo mwaka 1902, na leo mabasi yaendayo Moshi na Arusha hupitia hapo. Kutoka Handeni ni mwendo wa kilomita 65 hivi. Wasafiri husimama dakika chache, na katika dakika hizo mtu hununua chochote akionacho.

Msafiri na atumie macho na ulimi wake. Aulize kwa adabu, "Shikamoo, mama. Nyama hii imechinjwa na nani?" Muuzaji mwaminifu hachukizwi na swali hilo. Atazame kama nyama yatoka motoni yafuka moshi, au imekaa vuguvugu katika sinia iliyo wazi, yatembelewa na nzi. Aangalie kama kisu kinachokatia nyama iliyoiva ndicho kile kile kinachokatia mbichi. Nyama iliyokatwa mbele yako kutoka katika pande la moto ni bora, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Na wazazi wawafungashiao watoto waendao shule za bweni wasikilize vizuri. Shirika la Afya Duniani limetuonya kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kuwekwa mahali pa baridi. Mkate wa nyama uliofungwa alfajiri na kuliwa adhuhuri ndani ya basi lenye joto ni hatari, hata kama harufu yake bado ni nzuri. Vijidudu vya maradhi havileti harufu sikuzote. Basi mtoto na ale mkate wake wa nyama nyumbani kabla ya kuondoka, au aule mwanzoni mwa safari. Kwa saa za mbele mfungashie mkate mtupu, karanga na machungwa ambayo hayajamenywa.

Idi ya kuchinja ikifika, nyama huwa nyingi kwa siku moja na chache kwa siku nyingi. Wenye nyumba wakiisha kutoa mafungu ya maskini na ya jirani, na waitenge sarara mapema kabla haijakatwakatwa, waioke kwa njia tuliyoieleza. Na mkate wa kwanza utakaojazwa nyama ile, apelekewe aliye mkubwa kuliko wote nyumbani.