Je, Wajua? Maji Yenye Kumbukumbu

Je, wajua kuwa mmoja wa wagunduzi wa VVU alidai maji hukumbuka?

Luc Montagnier wa Ufaransa, mshindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 2008, alisema ukizimua DNA ya bakteria mpaka isibaki hata chembe, maji yenyewe bado hutoa ishara za sumakuumeme. Eti zimo hata katika damu ya wagonjwa wa Parkinson na baridi yabisi!

Jarida lililochapisha madai hayo lilipokea andiko lake Januari 3, 2009. Likalikubali Januari 6. Bodi ya jarida hilo aliiongoza yeye mwenyewe.

Na maji je, hukumbuka kweli? Mpangilio wa molekuli zake huvunjika na kujisuka upya ndani ya muda usiofika hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde.

Wilayani Rufiji, Tanzania, maji yaliwahi kubebeshwa mzigo mzito zaidi. Kule Ngarambe, mganga Kinjikitile Ngwale aligawa dawa ya maji, mbono na mtama, ili risasi za wakoloni wa Kijerumani zigeuke maji. Alinyongwa Mohoro, Agosti 4, 1905. Vita vya Majimaji dhidi ya wakoloni hao vikaendelea bila yeye hadi 1907.