Bustani ya Jangwani, msitu wa Kisarawe

Kila masika mabasi ya mwendokasi yanaposimamishwa pale Jangwani, Dar es Salaam, lawama humwangukia aliyeamua karakana ya mabasi ijengwe kwenye njia ya maji. Lawama hiyo ni halali. Ila maji yenyewe hayakuanzia Jangwani. Yameteremka kutoka milima ya Pugu, huko Kisarawe, mkoa wa Pwani, yakapita Ukonga, Vingunguti na Kigogo, na yanapofika bondeni yamekuwa mazito kama uji. Mchanga na tope hutuama hapo, kina cha mto Msimbazi kinapungua, na mwaka unaofuata hata mvua ya wastani inatosha kuwatoa watu majumbani.

Sasa bonde hili lina mpango mkubwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ambao pamoja na fedha za Hispania na Uholanzi unafikia dola milioni 260. Mto utachimbwa na kupanuliwa, daraja jipya la Jangwani litainuliwa, karakana itahamishwa, na eneo la chini litageuzwa bustani ya jiji: mahali ambapo maji yakija yana pa kutandaa, na yakiondoka watu wanacheza mpira na kupunga upepo. Wazo ni zuri, tena limechelewa. Klabu ya soka ya Yanga, watoto wa Jangwani, wanajua jinsi uwanja wao wa Kaunda ulivyogeuka bwawa.

Kulitenga bonde si jambo jipya. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1949 ulitaka maeneo ya wazi katikati ya makazi, ingawa kwa nia isiyotamkika leo bila aibu: uwazi huo ulitumika pia kuwatenga Wazungu, Wahindi na Waafrika. Mpango wa 1979 ukayaweka mabonde ya mito katika orodha ya ardhi hatarishi. Michoro ikabaki kabatini, nyumba zikapanda bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilipokuja kukataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ilikuta watu wameshawazika wazazi wao hukohuko.

Tunajua kilichofuata. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua makumi ya watu, familia nyingi zilipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Desemba 2015 zikaja alama nyekundu za X ukutani, nyuma yake tingatinga. Wapo waliorudi bondeni, na anayewaita wakaidi hajapiga hesabu ya nauli kutoka Mabwepande hadi Kariakoo kwa mtu anayeuza karanga.

Ukitembea kandokando ya mto, sehemu za katikati, utaona chanzo kimojawapo cha tope. Vijana wamesimama majini hadi magotini, koleo mkononi, wanatupa mchanga ukingoni; wengine wanauchekecha; lori linangoja juu. Mchanga huo ndio unaojenga Dar es Salaam, jiji la watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022. Kingo zinazochimbwa hubomoka. Kwa nyumba ya ukingoni choo ndicho hutangulia kwenda, kisha jiko la uani, kisha chumba cha nyuma, na mwenye nyumba anaendelea kupanga viroba vya mchanga uleule mlangoni.

Jaribu kuuliza mto huu ni wa nani. Maji yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Msitu wa chanzo ni wa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ukingo mmoja ni wa Jiji, wa pili ni wa Ubungo, na mbele kidogo wa Kinondoni. Barabara zina wakala wawili, TANROADS na TARURA, na kule juu kabisa kuna Halmashauri ya Kisarawe, isiyokusanya ushuru hata wa shilingi moja Kariakoo. Kila mmoja akifanya kazi yake vizuri, tatizo linaweza tu kuhamia kwa jirani.

Taka zimeshatuonyesha hivyo. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, katika kesi ya 1988, kwa moshi na uvundo wa jaa, wakashinda. Ulikuwa ushindi mkubwa wa haki ya kuishi katika hewa safi. Jiji likapeleka taka Vingunguti, bondeni kwenye Msimbazi uleule. Baadaye zikaenda Mtoni, hatimaye Pugu Kinyamwezi. Jaa limezunguka jiji likaishia upande wa milima ambako mto unaanzia.

Ndiyo maana nasema bustani ya Jangwani itasimama au itazama kutegemea Pugu na Kazimzumbwi. Msitu huo wa pwani, ambao sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, umeliwa na mkaa kwa miongo mingi, na mteja mkubwa wa mkaa huo ni majiko yetu ya mjini. Chini ya miti iliyobaki majani makavu hupokea mvua na kuishusha ardhini polepole. Palipokatwa, udongo mwepesi unaondoka na maji. Mpango wa Msimbazi unagusa huko juu, lakini uzito wa fedha uko chini, kwenye daraja na mkondo, vitu vinavyoweza kuzinduliwa kwa utepe.

Mfano wa kufanya vinginevyo tunao. Miaka ya 2000, chini ya mradi wa mashirika ya CARE na WWF, wakulima wa Kibungo Juu, milima ya Uluguru, walilipwa kwa kuchimba matuta na kupanda miti ili mto Ruvu usijae tope. Waliotoa fedha walikuwa watumiaji wa maji: shirika la maji la jiji, DAWASCO, na Coca-Cola Kwanza. Kwa Msimbazi mnunuzi ni mgumu zaidi kumpata, kwa sababu hakuna anayeyanywa maji yake. Lakini mwenye duka Kariakoo, kampuni ya mabasi na kampuni ya bima hupata hasara Jangwani inapofungwa, na wote wanalipa kodi na tozo zinazoishia mjini. Sehemu ya fedha hizo ingeweza kuvuka mpaka wa mkoa na kumlipa mkulima wa Kisarawe anayeacha miti isimame, ikiandikwa kwenye bajeti ya kila mwaka badala ya kungoja mradi ambao siku moja utafunga ofisi.