Mtaalamu wa Mipango ya Usafiri wa Umma: Elimu Huanzia Darasani, Hukomaa Kituoni

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mwananchi anayesimama katika kituo cha Kimara saa 12 asubuhi huwa na maswali mawili tu: basi litafika saa ngapi, na je, atapata nafasi ya kupanda? Majibu ya maswali hayo huandaliwa miezi na wakati mwingine miaka kabla ya asubuhi hiyo, na mtu ambaye abiria hamwoni wala hamjui kwa jina. Huyo ni mtaalamu wa mipango ya usafiri wa umma.

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728, kutoka 4,364,541 waliohesabiwa mwaka 2012. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja katika kipindi cha miaka 10 linaonesha kwa nini taaluma hii inahitajika, na kwa nini vijana wanaotafuta fani ya kusomea wanapaswa kuifahamu.

Msingi wa elimu

Hakuna mlango mmoja wa kuingilia katika taaluma hii. Wapo wanaoanzia katika uhandisi ujenzi, wakibobea katika barabara na usafirishaji. Wengine huanzia katika mipango miji na mikoa, uchumi, jiografia au takwimu. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa wahandisi, Chuo Kikuu Ardhi kinafahamika kwa wataalamu wa mipango miji, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), kilichoanzishwa mwaka 1975, hufundisha fani za usafirishaji kuanzia ngazi za chini hadi shahada.

Pamoja na tofauti hizo, mambo matatu huwaunganisha. La kwanza ni hisabati na takwimu, kwa kuwa kila uamuzi hutegemea idadi. La pili ni ramani na matumizi ya ardhi, kwa kuwa safari huzaliwa na mahali watu wanapoishi na mahali wanapofanya kazi. La tatu ni uandishi na uwezo wa kueleza, kwa kuwa mpango usioeleweka kwa diwani, dereva na abiria hautekelezeki.

Baada ya shahada, safari ya kitaaluma huendelea. Mhandisi mhitimu husimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), ambayo ina mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu kwa wahitimu. Wataalamu wa mipango miji nao wana bodi yao ya usajili, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2007.

Darasa la pili ni barabarani

Kazi ya kwanza ya mhitimu mara nyingi si kuchora njia mpya, bali ni kuhesabu. Husimama kando ya barabara akiandika idadi ya magari na abiria waliomo, hupanda basi kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia akipima muda, na hushiriki kuhoji kaya kuhusu safari za kila siku. Ni kazi inayochosha, lakini ndiyo inayomfundisha kutilia shaka takwimu zake mwenyewe.

Kwa mfano, foleni ya kituoni huonesha waliokuja kusubiri basi. Haimwoneshi mchuuzi anayekwenda soko la samaki la Feri alfajiri, kabla mabasi hayajaanza kazi, na hivyo kulazimika kukodi bodaboda. Haimwoneshi mzee aliyeshindwa kupanda ngazi za kivuko cha watembea kwa miguu, wala kijana anayetembea kwa sababu hana nauli ya mabasi mawili. Mtaalamu asiyefika mtaani huwapangia usafiri watu waliokwisha kuupata, na kuwasahau walioukosa.

Hesabu inayookoa fedha za umma

Ili kuelewa uzito wa kazi hii, tuchukue mfano rahisi. Tuseme njia moja ina abiria 6,000 kwa saa wanaoelekea upande mmoja, na kila basi hubeba watu 150. Yanahitajika mabasi 40 kwa saa, yaani basi moja kila baada ya sekunde 90. Ikiwa basi hutumia dakika 120 kwenda na kurudi, njia hiyo itahitaji mabasi 80 barabarani, mbali na ya akiba.

Sasa tuseme makutano machache ya barabara yana taa zisizoyapa mabasi kipaumbele, na mzunguko ule unafikia dakika 150. Mabasi yanayohitajika huwa 100. Mabasi 20 zaidi yatanunuliwa, yatawekewa mafuta na kuajiriwa madereva, bila kumbeba hata abiria mmoja wa ziada. Mtaalamu mwenye uzoefu hutambua kwamba kurekebisha taa kunaweza kuwa nafuu kuliko kununua mabasi. Hapo ndipo elimu yake inapogeuka kuwa faida kwa mlipakodi.

Taaluma inayodai subira

Historia inaonesha kwamba matunda ya kazi hii huchelewa kuiva. Mfano unaotajwa sana ni wa Jaime Lerner wa Curitiba nchini Brazil. Alihitimu usanifu majengo mwaka 1964, akashiriki katika kuanzishwa kwa taasisi ya mipango ya mji huo mwaka 1965, na akawa meya mwaka 1971. Njia maalumu za mabasi zilianza kutumika mwaka 1974, miaka 10 baada ya yeye kuhitimu. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, uliendeleza wazo hilo kwa mfumo wa TransMilenio ulioanza Desemba 2000, na miji mingine, ikiwemo Dar es Salaam, ikajifunza kutoka huko.

Hapa nchini, Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART) ulianzishwa mwaka 2007. Huduma katika awamu ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza Mei 2016 na kuzinduliwa rasmi Januari 2017. Takriban miaka tisa ilipita kati ya kuanzishwa kwa Wakala na abiria wa kwanza kupanda. Katika kipindi hicho afisa anaweza kuhamishwa, kupandishwa cheo au kustaafu. Kwa sababu hiyo, utunzaji mzuri wa kumbukumbu ni sehemu ya taaluma, kwa kuwa anayeanza mradi mara nyingi siye anayeumaliza.

Awamu hiyo pia ilileta somo kuhusu ardhi. Karakana ya mabasi ya Jangwani, iliyo katika bonde la Mto Msimbazi, imekumbwa na mafuriko mara kadhaa nyakati za mvua kubwa, na barabara kulazimika kufungwa. Mradi wa uendelezaji wa bonde hilo unahusisha ujenzi wa daraja jipya la Jangwani na kuhamishwa kwa karakana hiyo. Kwa wataalamu wanaochipukia, somo ni kwamba njia ya basi hupangwa pamoja na njia ya maji.

Wito kwa vijana na wananchi

Nafasi za kazi za fani hii hupatikana katika taasisi kama DART, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), TANROADS, TARURA na halmashauri za miji, pamoja na kampuni binafsi za ushauri. Ajira nyingi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mwanafunzi wa sekondari anayevutiwa na taaluma hii anashauriwa kutopuuza hisabati na jiografia.

Kwa upande wa wananchi, mchango wao huanza kabla ya ujenzi. Mdadisi anapobisha hodi kuuliza familia inasafiri vipi, au mkutano wa mtaa unapoitishwa kujadili njia mpya, jibu sahihi la mkazi mmoja lina thamani. Atakayesema ukweli kwamba hutoka nyumbani saa 10 alfajiri atakuwa ameingia katika hesabu. Asiyesema atapangiwa ratiba ya mtu mwingine, na hapo kituoni ataendelea kusubiri.